Panya wa Makere na Nusu Saa ya Jua

Ukipita Makere, katika barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo, hutaona tofauti kubwa kati ya siku ya Juni na siku ya Desemba kwa kutazama jua. Desemba, mchana ukiwa mrefu kuliko wakati wote wa mwaka, jua hukaa juu ya upeo wa macho kwa saa 12 na dakika 23 hivi. Juni, mchana ukiwa mfupi kupita zote, ni saa 11 na dakika 52. Tofauti yake ni nusu saa tu, tena nusu saa iliyosambazwa kidogo kidogo ndani ya miezi sita. Hakuna Muha, mwenyeji wa hapa, anayepanga kilimo chake kwa nusu saa hiyo. Mwaka wa nyanda hizi za Kigoma hugawanywa na mvua: inaanza Oktoba mwishoni au Novemba, inapiga hadi Aprili, wakati mwingine Mei, kisha kiangazi kinashika nchi mpaka nyasi zinakuwa za kuchoma.

Sasa chukua kitabu chochote cha baiolojia kinachoeleza homoni na misimu kwa wanyama wagugunaji. Karibu vyote huanza na urefu wa siku. Mwanafunzi wa Kasulu huikariri habari hiyo, akajibu mtihani, akafaulu, halafu akarudi nyumbani kukuta panya wanaofukua mbegu za mahindi za mama yake wakiishi kwa kanuni nyingine kabisa. Simlaumu mwandishi wa kitabu, aliandika kilichochunguzwa. Ila ni vizuri tukajua kilichunguzwa wapi.

Kilichunguzwa kwanza kwenye nchi zenye majira manne. Mwaka 1932, John Baker na R. M. Ranson wa Oxford, Uingereza, walichapisha majaribio yao juu ya panya mdogo wa majani wa Ulaya, Microtus agrestis. Huko Oxford mchana wa Juni unakaribia saa 17, na wa Desemba haufiki saa 8. Baker na Ranson waliwafuga panya hao ndani, wakawapunguzia mwanga kutoka saa 15 kwa siku hadi 9. Uzazi ukakaribia kukoma. Walijaribu pia baridi, nayo ikaonekana kuwa na mkono wake. Ikawa wazi kwamba mnyama mdogo anayenyonyesha anaweza kuambiwa na taa kwamba sasa si wakati wa kuzaa.

Ujumbe huo hupita njia ndefu mwilini, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua, kwa sababu njia yenyewe imo pia ndani ya kichwa cha panya wa Makere, hata kama haitumii kwa namna ile ile. Mwanga huingia jichoni. Toka hapo habari huenda kwenye kifungu kidogo cha neva chini ya ubongo, ambacho ndicho saa ya mwili, kisha hufika kwenye tezi ya pineali. Tezi hiyo hutoa homoni ya melatonini usiku, na usiku tu. Usiku mrefu, melatonini ya muda mrefu. Usiku mfupi, ya muda mfupi. Kwa hiyo kinachopimwa hasa ni giza. Mwaka 1965, Roger Hoffman na Russel Reiter walionyesha uzito wa jambo hili kwa hamsta, mnyama mgugunaji wa maabara: hamsta dume aliyewekwa kwenye siku fupi korodani zake husinyaa, lakini aliyetolewa pineali kwanza, korodani hubaki kama zilivyo. Bila tezi hiyo, habari ya usiku mrefu haikufika.

Ikifika, hupokelewa sehemu ya juu ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Pale melatonini ya usiku mfupi huruhusu kutolewa kwa kichocheo ambacho, badala ya kwenda shingoni kwenye thairoidi kama ilivyo kawaida yake, hurudi nyuma kwenye ubongo wenyewe. Huko seli zinazopakana na chumba cha majimaji huigeuza homoni ya thairoidi kutoka hali yake ya akiba kuwa hali yake kali. Homoni hiyo kali huamsha neva zinazotoa kisspeptini, nazo huiamsha sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo huitumia pituitari ujumbe, na pituitari huachia homoni mbili zinazoamuru korodani na ovari. Testosteroni na estrojeni zinazoonekana mwishoni, zile ambazo watu wote wanazijua kwa majina, ni watekelezaji tu wa amri iliyotoka mbali. Kwenye siku fupi mnyororo wote hukatika mahali pale pa thairoidi.

Hamsta wa Syria, ambaye ndiye amefanyiwa majaribio mengi zaidi, ana mpaka unaojulikana: anahitaji mwanga wa saa 12 na nusu kwa siku. Chini ya hapo korodani hurudi kuwa ndogo. Rudi sasa kwenye hesabu ya Makere. Mchana mrefu kuliko yote huko haufiki saa 12 na nusu. Kwa hesabu ya karatasi, ukiacha mwanga hafifu wa alfajiri na wa magharibi, hamsta huyo akihamishiwa Makere atadhani yuko katika majira ya baridi yasiyokwisha. Korodani zitasinyaa katika miezi miwili au mitatu ya kwanza. Baada ya miezi kadhaa mwili wake utachoka kusubiri na zitarudi zenyewe, maana hamsta akikaa mno kwenye siku fupi huacha kuzisikiliza. Na kwa kuwa ni siku ndefu tu zinazoweza kumrudishia usikivu huo, na Makere haina siku ndefu, atabaki hivyo bila msimu tena. Mnyama mwenye kalenda nzuri mno angekuwa hana kalenda.

Panya wanaoishi kweli katika mashamba ya Makere ni wa namna kadhaa, lakini anayefaa kutajwa kwanza ni panya shamba, Mastomys natalensis. Ndiye msumbufu mkuu wa nafaka karibu kote Afrika kusini mwa Sahara. Jike ana chuchu nyingi kuliko panya wengine, hadi jozi 12, na anahitaji wingi huo: mimba hukaa siku 23 hivi, uzao mmoja huleta watoto kama 11, na kuna unaozidi 20. Tanganyika ilianza kumwandika mapema: B. M. Chapman, R. F. Chapman na I. A. D. Robertson walichapisha mwaka 1959 makala juu ya ukuaji na uzazi wake humu nchini. Lakini kazi kubwa imefanyika Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako tangu miaka ya 1980 Watanzania kama Robert Machang'u, Rhodes Makundi, Apia Massawe na Loth Mulungu wamekuwa wakimtega, kumpima na kumwachia, pamoja na Wabelgiji wa Antwerp wakiongozwa na Herwig Leirs. Watu wengi nchini wanakijua chuo hicho kwa panya buku wa shirika la APOPO wanaonusa mabomu na kifua kikuu. Mimi naona kazi ya panya shamba ndiyo iliyostahili umaarufu zaidi, ingawa panya huyu hana wa kumvisha medali.

Mwaka 1994 Leirs na wenzake, Ron Verhagen na Walter Verheyen, walichapisha matokeo juu ya swali hili hili: panya shamba wa Tanzania hujuaje msimu? Uzazi wake ulifuata mgawanyo wa mvua. Majike wa Morogoro walianza kushika mimba baada ya kilele cha masika, kiasi cha mwezi mmoja baadaye. Mvua ikichelewa, nao walichelewa. Watoto waliozaliwa mwishoni mwa msimu walikuta nchi imekauka, na walichofanya ni kusimama. Walikua polepole sana, korodani zikabaki ndani ya tumbo, uke wa majike ukabaki haujafunguka, miezi ikapita wakiwa na sura ya watoto. Panya ambaye angeweza kupevuka akiwa na miezi mitatu alingoja mpaka mvua za mwaka unaofuata.

Hapa huwa kuna jibu la haraka: siku za tropiki hazibadiliki vya kutosha, kwa hiyo mnyama hawezi kuziona. Jibu hilo si sahihi. Mwaka 1998 Michaela Hau na wenzake walionyesha kwamba ndege mmoja wa msitu wa Panama, anayefuata siafu ili ale wadudu wanaokimbia, hutambua ongezeko la dakika 17 tu za mwanga na kuanza kukuza viungo vya uzazi. Dakika 17! Kwa kipimo hicho, nusu saa ya Makere ingetosha kabisa. Mwili unaweza. Kilichokosekana ni faida ya kufanya hivyo. Mvua za kwanza za Kigoma mwaka huu zinaweza kutangulia zile za mwaka jana kwa wiki kadhaa, na mchana wa tarehe 1 Novemba ni ule ule kila mwaka. Panya anayeishi mwaka mmoja, pengine chini ya huo, akiamini jua badala ya mvua, atazaa watoto 11 katika vumbi.

Mabara mengine yana mifano inayofanana. Peter Heideman na F. H. Bronson walimchunguza panya wa Venezuela, Zygodontomys brevicauda, wakakuta uzazi wake haujali urefu wa siku. Afrika Kusini, ambako siku hubadilika zaidi kuliko kwetu, panya milia wa Rhabdomys aliwekwa kwenye siku fupi na bado akatengeneza mbegu za kiume. Wapo pia panya wa kusini mwa Afrika wanaofuata mwanga, kwa hiyo si suala la bara zima. Hata kati ya panya weupe na weusi wa maabara za dunia, wapo wa ukoo mmoja maarufu sana ambao karibu hawatengenezi melatonini kabisa, nao huzaliana mwaka mzima bila shida.

Basi kama si jua, panya shamba husoma nini? Leirs na wenzake walinyoosha kidole kwenye nyasi zinazochipua. Hoja hiyo ilikuwa na mizizi huko Utah, Marekani. Mwaka 1981, Patricia Berger, Norman Negus na wenzao waliripoti kwamba nyasi changa zina kemikali inayofupishwa kama 6-MBOA, na kwamba kemikali hiyo peke yake huamsha uzazi wa panya wa milimani, Microtus montanus. Waliipaka kwenye nafaka, wakaiweka porini katikati ya majira ya baridi, wakati hakuna jike anayezaa. Wiki tatu baadaye majike yalikuwa na mimba. Umbo la 6-MBOA linafanana kidogo na la melatonini, na hilo limewafanya wengi wafikiri kwamba inagonga mlango ule ule kwa mkono mwingine.

Mkulima wa Makere ana sababu ya ziada ya kuijua kemikali hii. Mahindi ni nyasi, na hindi changa ni miongoni mwa mimea yenye akiba kubwa ya familia hiyo ya kemikali. Ni silaha yake dhidi ya wadudu, na jani likitafunwa huvunjika na kutoa 6-MBOA. Shamba la mahindi lililoota vizuri mwezi Desemba ni chakula cha panya na, kama hoja hii ni sawa, ni tangazo pia la kufungua msimu. Sisemi mahindi ndiyo yaliyoleta panya. Nyasi za porini zinatosha kumwambia. Lakini tumeongeza sauti ya tangazo kwa hekta nyingi.

Kemikali haitoshi peke yake. Jike anayebeba mimba na kisha kunyonyesha watoto 11 hutumia nguvu kuliko uzito wake unavyoweza kukuonyesha, na ubongo hauruhusu safari hiyo bila kuangalia akiba. Mafuta ya mwili hutoa homoni ya leptini. Leptini ikipungua, zile neva za kisspeptini hunyamaza, na mnyororo wote wa chini yake hunyamaza nao. Tazama kwamba mahali ni pale pale. Hamsta hufungiwa mlango na usiku mrefu, panya shamba hufungiwa na tumbo, na ufunguo wa wote wawili unapita kwenye kisspeptini. Ndiyo maana nasema mtambo ni mmoja. Kinachotofautiana ni nani aliyepewa kuushika.

Na joto? Hapa wengi hukosea kwa kulitwika kazi lisiyoiweza. Nyanda za Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai watu huota moto. Lakini tofauti ya joto kati ya saa nane mchana na alfajiri ya siku moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi mmoja na mwingine. Kiumbe anayetaka kujua mwezi kwa kupima joto la Makere atachanganyikiwa kila siku kabla ya kifungua kinywa. Zaidi ya hayo panya shamba hulala shimoni, ambako udongo hulainisha ukali wa nje.

Joto linaingia kama gharama. Panya mdogo hupoteza joto upesi, na hali anayoiona ya starehe, isiyomtaka achome chakula ili ajipashe, iko karibu na digrii 30. Chini ya hapo huanza kulipa. Homoni za thairoidi na mafuta ya kahawia hufanya kazi ya kuzalisha joto, na kila punje inayoenda huko haiendi kwenye mji wa mimba. Juni na Julai za Makere huja mvua zikiwa zimekata na majani yakianza kuisha, kwa hiyo baridi humkuta panya akiwa tayari ana njaa. Baridi peke yake, chakula kikiwa tele, angeivumilia. Njaa yenyewe ndiyo humfungia mlango. Zikija pamoja humfunga zaidi. Ulaya nako wachunguzi wamekuta kwamba panya wanaofuata mwanga husogezwa na joto: baridi ikiwa kali, mwanga ule ule wa majira ya kuchipua huchelewa kukuza ovari. Kule joto hurekebisha kalenda ya jua. Huku linarekebisha kalenda ya mvua.

Haya yote yangekuwa elimu ya kupendeza tu kama yasingegusa ghala. Katika Tanzania inakadiriwa panya hula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi kila mwaka, na miaka ya mlipuko wa panya shamba zima hupandwa upya, mara mbili, hata tatu, kwa sababu mbegu zimefukuliwa usiku ule ule wa kupandwa. Msongamano wa panya shamba, ambao nyakati za chini ni makumi machache kwa hekta, unaweza kupita 1,000. Mwaka 1996 Leirs na wenzake walieleza mlipuko huanzaje Morogoro, na maelezo yao yanarudi kwa wale watoto waliosimama kukua. Katika mwaka wa kawaida hungoja mpaka masika. Vuli ikinyesha kwa wingi, nyasi huchipua mapema, nao hupevuka mapema na kuzaa kabla ya wakati. Watoto wao huwahi kupevuka ndani ya masika yanayofuata. Vizazi viwili vinaingia mahali pa kimoja. Makala ya mwaka 1997 katika jarida la Nature iliongeza kwamba msongamano wenyewe pia huingilia, kwa namna isiyonyooka, lakini mvua ilibaki ndiyo mwanzo wa hesabu.

Kigoma haina vuli na masika zilizotengana; ina msimu mmoja. Hivyo kanuni ya Morogoro haiwezi kuhamishwa hapa kama ilivyo. Kwa mantiki ile ile, ningeangalia mambo mawili. La kwanza ni manyunyu ya mapema, yale ya Septemba au Oktoba mwanzoni yanayochipusha nyasi halafu yakakata. Mkulima mwenye busara hapandi kwa mvua hizo, lakini panya hakusikia ushauri wa bwana shamba. La pili ni mabonde. Mulungu na wenzake waliona kwamba katika mashamba ya mpunga wa umwagiliaji mashariki mwa nchi panya shamba huzaa mwaka mzima, na huongeza kasi mpunga unapokaribia kuchanua. Maji yakiwepo kiangazi, kiangazi hakipo. Bustani za mabondeni zinazomwagiliwa Julai na Agosti zinampa panya kile ambacho kilima kilicho juu yake kimemnyima, na wakati mvua inaanza anakuwa tayari na watoto wa kupeleka mlimani.

Sumu kwa kawaida hununuliwa Desemba, mimea ikishaharibiwa. Huo ni wakati mbaya. Wachache wanaobaki baada ya sumu ya Desemba wana chakula, nyasi changa na nafasi, yaani kila kitu kinachoamsha homoni. Watafiti wa Sokoine wamejaribu pia njia ya kugusa homoni zenyewe: Massawe na wenzake walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuwapa panya shamba chambo chenye kwinestroli na levonojestreli, homoni za kutengenezwa za jamii ya zile zilizo katika vidonge vya uzazi wa mpango, na uzazi ukashuka. Bado kuna maswali ya bei, na ya nani mwingine atakula chambo hicho. Lakini chambo cha namna hiyo hakina maana kikiwekwa baada ya mimba kushika, kwa hiyo nacho kinarudi kwenye swali la tarehe.

Tarehe inaweza kusomwa kwenye mtego. Watafiti hufanya hivyo kila mwezi, na haihitaji maabara. Oktoba, kabla ya jembe, tega usiku mmoja au miwili pembezoni mwa shamba na kando ya bonde. Vaa glovu au mfuko mzito wa nailoni mkononi, maana panya hubeba viroboto na viroboto wamewahi kubeba tauni Lushoto. Mgeuze dume. Korodani zikiwa bado zimefichwa tumboni, kiangazi bado kinamshika, na una muda wa kusafisha pembezoni na kutega bila haraka. Zikiwa zimeshuka na kuonekana wazi, au majike yana tumbo na chuchu zilizovimba, manyunyu yale ya mapema yalishafanya kazi yake. Hapo inabidi majirani wa mashamba yote yanayopakana watege pamoja wiki hiyo hiyo, kwa sababu shamba moja lililosafishwa peke yake hujazwa tena na panya wa jirani kabla mbegu haijaota.